Babu Yangu, Fundi Cherehani wa Kamembe

Ndugu wasomaji, wengi wenu ni walimu kama mimi, na hapana shaka mmewahi kuwataka wanafunzi waandike insha juu ya mtu wampendaye. Mimi nimeitoa kazi hiyo darasani mara nyingi, nikasahihisha mamia ya insha kwa wino mwekundu, lakini yangu sijapata kuiandika. Leo naiandika, na kalamu nyekundu nimeiweka mbali kwa sababu itakayojulikana huko mbele.

Ninayetaka kumkumbuka ni babu yangu mzaa mama. Hakuwa mtu maarufu. Hakupata cheo serikalini wala msikitini, na nje ya mtaa wetu wa Waswahili mjini Kamembe jina lake halikujulikana ila kwa watu waliovaa nguo alizozishona. Alifariki Novemba 2016. Wanaume walipokata sanda yake walitumia mkasi wake mwenyewe, na sanda, kama mjuavyo, haishonwi wala haina pindo. Siku ya arobaini ndugu walikutana kugawana vitu vyake vichache. Cherehani ilimwangukia binamu yangu aliyerithi kazi, saa ya ukutani ikachukuliwa na mjomba mkubwa, nami nikapewa vitu ambavyo hakuna aliyevitaka: daftari mbili nene za mistari, moja imevikwa jalada la kitambaa cha kaki, zote zimefungwa pamoja kwa utepe wa kupimia uliochakaa hata tarakimu zake hazisomeki.

Daftari hizo ni za vipimo. Fundi yeyote wa soko huwa na daftari ya namna hii. Mteja akija hupimwa, jina lake likaandikwa, na chini yake tarakimu: kifua, kiuno, mkono, urefu. Akilipa na kuichukua nguo yake, fundi hupiga mstari juu ya jina, na habari ya mtu huyo imekwisha. Ndivyo alivyofanya Babu upande wa mbele wa daftari zake. Lakini ukizipindua na kuzifungua kwa nyuma, unakuta kurasa nyingine zenye kichwa kilichoandikwa kwa herufi kubwa za mtu asiyekwenda shule: BATOTO BA NYUMBA. Huko nyuma hakuna jina lililopigwa mstari. Kila mwaka tangu 1961, kabla ya shule kufunguliwa, alitupanga ukutani mmoja mmoja, kwanza watoto wake sita, baadaye sisi wajukuu, akatupima kwa ajili ya sare na kuandika. Mimi naanza kuonekana humo mwaka 1978, nilipokuwa na umri wa miaka sita: urefu wa gauni, sentimeta 62. Mwaka uliofuata, 66. Mwaka 1984 nilirefuka ghafla, na Babu ameweka alama mbili za mshangao, ambazo sijui alijifunzia wapi. Yuko binamu yangu mmoja mwenye vipimo vitatu tu, kwa sababu surua ilimchukua kabla ya kipimo cha nne. Chini ya tarakimu zake Babu ameacha nusu ukurasa mweupe, na hakuandika neno.

Alizaliwa katika njaa ya Rwakayihura, iliyoikumba Rwanda mwaka 1928 hadi 1929. Siku yenyewe hakuijua, naye alikuwa akisema kwamba aliyezaliwa na njaa haulizwi tarehe. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, sikosi kukumbuka kwamba katika mwaka huo wa 1928 wajumbe walikutana Mombasa wakakubaliana kuwa Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu cha Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Rwanda haikuwamo, wala Kongo. Basi Babu na Kiswahili sanifu ni wa rika moja, ila hawakupata kukutana mpaka uzeeni kwake, na mimi ndiye niliyewakutanisha, tena vibaya.

Njaa ya pili, ile ya Ruzagayura ya mwaka 1943 na 1944, ndiyo iliyomtoa kwao. Alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi. Aliteremka mlima, akavuka mto Rusizi na kuingia katika mji ambao Wabelgiji waliuita Costermansville, yaani Bukavu. Huko alipokelewa na mzee wa Kimanyema aliyekuwa fundi cherehani. Kwa mzee huyo alipata vitu vitatu ambavyo hakuviacha tena mpaka mwisho wa maisha yake: kazi, dini ya Kiislamu na lugha ya Kiswahili. Cha nne alikipata mwenyewe. Alimwona msichana wa Kishi aliyekuja kushonesha blauzi, akampima, akakosea vipimo, akamtaka arudi kupimwa tena. Bibi yangu alishikilia mpaka kufa kwamba kosa lile lilikuwa la makusudi. Babu hakukanusha wala kukiri.

Naomba msomaji alizingatie jambo hili. Bibi hakujua Kinyarwanda, na Babu hakujua Kishi. Kiswahili ndicho walichoposana nacho, ndicho walichogombana nacho na kupatana nacho, na kwa hicho waliwapa watoto sita majina na kuwabembeleza. Kilikuwa Kiswahili cha Bukavu, ambacho watu husema batu badala ya watu, bintu badala ya vitu, mukono badala ya mkono, fasi badala ya mahali, na neno njo hufanya kazi ambayo sisi darasani tumewapa ndiyo na ndiye. Kinafuata kanuni zake, kama lugha yoyote isemwayo na watu wazima wenye akili. Kile kiambishi ba- ni kile kile cha Kinyarwanda, cha Kishi na cha lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka. Leo nayasema haya kwa utulivu mbele ya wanafunzi wangu. Laiti ningaliyasema mapema.

Walihamia Kamembe mwaka 1960, baada ya uhuru wa Kongo kuja na machafuko yake. Babu alidhani ni kwa muda mfupi tu. Kutoka Kamembe Bukavu inaonekana ng'ambo ya maji, na usiku taa zake huakisiwa ziwani karibu kabisa, mtu akadhani anaweza kuzigusa. Mwaka 1967 alikuwa amekwisha kufunga mizigo ili arudi. Mwezi wa Agosti mwaka huo mamluki wa Jean Schramme wakauteka mji wa Bukavu, na kwa karibu miezi mitatu watu wa upande wetu walisikia mizinga ikilia ng'ambo, hata mwezi wa Novemba mamluki hao waliposhindwa na kuvukia Rwanda. Babu alifungua mizigo. Bibi alilia kidogo, na mambo yakaishia hapo. Tangu siku hiyo walikuwa watu wa Kamembe.

Kuwa Mswahili nchini Rwanda katika miaka hiyo hakukuwa jambo jepesi. Tangu enzi ya Wabelgiji Waswahili walikuwa wametengewa mitaa yao, na neno lenyewe, umuswahili, katika vinywa vya wengi lilimaanisha Mwislamu, na mara nyingine mjanja au mwongo asiyeaminika. Shuleni tulijitahidi tusisikike tukisema lugha ya nyumbani. Babu hakutugombeza. Aliweka sheria moja tu: kizingiti cha mlango kikishavukwa, ni Kiswahili. Mjukuu akiingia na Kinyarwanda, Babu aliendelea kukanyaga cherehani kana kwamba hakusikia, mpaka mtoto aanze upya. Wala sheria hiyo haikutokana na siasa. Bibi alikuwa bado hajakifahamu vema Kinyarwanda, naye Babu hakutaka mazungumzo yapite juu ya kichwa cha mkewe ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Baba yangu alikuwa dereva wa malori ya njia ya Uvira na Bujumbura, na nyumbani alionekana mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo aliyenilea ni Babu. Aliniita bibi yangu, kwa ule utani wa babu na mjukuu wa kike unaojulikana kila mahali, na Bibi wa kweli alijifanya kuona wivu, akaniita mke mwenzangu na kunitishia kunirudisha kwetu. Jioni Babu alirudi kutoka baraza ya duka alipokuwa akishonea, mkononi ana sambaza waliofungwa katika jani la mgomba. (Sambaza ni samaki wadogo walioletwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Babu aliwakumbuka walipokuwa bado wageni ziwani, na hata uzeeni alisema hawana ladha ya samaki wa zamani, huku akiwala.) Alikaa mkekani pamoja nasi, akauliza kila mtoto habari ya siku yake kwa zamu, naye hakukubali jibu la "hakuna". Kulikuwa na siku tulizotunga habari za uongo ili tu tumridhishe. Aliujua uongo ule na kuupima: "Hii imekuwa refu sana, punguza."

Sare zetu, gauni za buluu za wasichana na kaptula za kaki za wavulana, alizishona kwa pindo la vidole vinne. Mwaka ukipita na mtoto akirefuka, Babu alifumua pindo, akaliteremsha kidole kimoja na kulishona tena. Palipokuwa na pindo la zamani palibaki mstari wa rangi nzito isiyopauka, na baada ya miaka mitatu gauni lilikuwa na mistari mitatu iliyoonekana kutoka mbali. Wenzangu shuleni waliihesabu na kunicheka. Siku moja nilirudi nikilia, nikasema silivai tena. Babu hakunikasirikia. Aliipitisha kidole mistari ile akasema, "Ile mistari njo miaka yako. Sasa unataka kuficha miaka?" Nikalivaa. Sikushawishika hata kidogo, lakini gauni jingine halikuwapo.

Mwaka 1987 Bibi alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ukafa, na maneno yakamtoka nusu nusu. Watu walimshauri Babu aoe mke mwingine wa kumsaidia, na sheria ya dini ilimruhusu. Yeye aliikodi mikokoteni miwili, akaihamisha cherehani kutoka barazani sokoni na kuiweka chumbani, futi tatu kutoka kitandani. Kwa miaka miwili alishonea humo. Alimlisha mkewe, akamwosha, akamchana nywele kila asubuhi na kuzisuka, ingawa usukaji wake haukuwa na uzuri wowote. Wateja walipungua, kwa kuwa mtu wa sokoni hapendi kutembea nusu saa kwenda kupimwa suruali. Wanaume wa mtaani walimcheka wakasema amefungwa kanga. Nilimwuliza kama maneno yale yalimwuma. Alijibu kwamba Bibi ameuzoea mlio wa cherehani tangu Bukavu, na asipousikia halali. Alikufa mwaka 1989, cherehani ikiwa inalia.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mkaidi, na kinyongo alikiweka muda mrefu. Mjomba wangu wa pili alipoacha kushona na kwenda Bugarama kutafuta kazi katika kiwanda cha saruji, Babu hakutamka jina lake mwaka mzima. Kisha siku moja, bila kuombwa na bila kumwona, alimshonea ovaroli na kumpelekea kwa mkono wa dereva. Ilimkaa sawasawa. Vipimo vya mwisho vya mjomba katika daftari vilikuwa vya miaka minne nyuma, alipokuwa kijana mwembamba. Babu alikadiria kichwani kiasi alichonenepa.

Sasa nafika mwaka 1994, ambao siwezi kuuruka, wala siwezi kuueleza kwa ukamilifu. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi watu wa mkoa wetu wa Cyangugu waliuawa majumbani na njiani, katika parokia za Shangi na Mibilizi, na wengine walikusanywa katika uwanja wa Kamarampaka mjini kwetu, kisha wakatolewa humo kwa majina kwenda kuuawa. Wengi wao walikuwa wateja wa Babu. Ukifungua upande wa mbele wa daftari ya pili, unaona majina ya miezi ya Februari na Machi ya mwaka huo. Baadhi yamepigwa mstari. Kumi na moja hayajapigwa. Nguo zao zilikuwa zimekwisha kushonwa na kupigwa pasi, na hazikuchukuliwa. Babu aliziweka katika sanduku la bati chini ya kitanda. Kila kiangazi alizitoa, akazianika uani kutwa nzima ili nondo wasizile, na jioni akazikunja tena: suruali, makoti mawili, gauni la sherehe la kitambaa cha hariri. Mtu mmoja wa mtaani alipotaka kununua koti, Babu alimjibu, "Zile nguo ziko na benyewe." Nguo moja tu ilipata kuchukuliwa, na dada wa mwenye nguo. Babu hakupokea fedha, na jina lile bado hakulipiga mstari.

Mwaka 1996 nilikwenda Tanzania kusomea ualimu. Nilidhani nakwenda katika nchi ambayo lugha yangu ya nyumbani ni lugha ya wote, na siku ya kwanza nilipofungua kinywa kusema "batu" darasa zima lilicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne, na mistari ya gauni nilikuwa sijaisahau. Nilijisugua. Nilijifunza ngeli usiku na mchana, nikaiua kila ba- na kila njo iliyokuwa mdomoni mwangu, na niliporudi Kamembe mwaka 2000 nilisema Kiswahili ambacho mtu wa Dar es Salaam asingekitilia shaka. Nilikuwa na fahari nacho. Fahari ya mtu aliyeaibishwa, enyi ndugu, ni kitu kibaya kuingia nacho nyumbani.

Mwaka 2001 mdogo wangu alikuja kuposwa. Wageni walitoka Kigali, watu wenye elimu na magari. Nyumba ilijaa. Mimi nilikuwa nimepewa heshima ya kusoma risala ya familia, na Babu, kama mkuu wa nyumba, alisimama kuwakaribisha. Alikuwa amevaa koti alilojishonea mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo. Alisema, "Sisi batu ba hapa hatuna bintu mingi. Lakini batoto betu tumebalea muzuri." Nami, nikiwa nimekaa karibu yake na karatasi yangu, nikasema kwa sauti iliyosikika chumba kizima, "Watoto wetu tumewalea vizuri, Babu."

Wageni walicheka. Kijana mmoja alinipigia makofi kidogo. Babu alinitazama. Sikuona hasira machoni pake. Alinitazama kama alivyokuwa akitazama mshono uliokwenda upande, akitafuta ulipoanzia kupotoka. Kisha aliwageukia wageni na kuimaliza hotuba yake kwa Kinyarwanda, kizuri, kirefu, chenye mafumbo ya wazee wa milimani. Hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kumsikia akikisema Kinyarwanda ndani ya kizingiti kile.

Kesho yake aliniamkia, "Mwalimu, mwaramutse." Mwenye kujua Kinyarwanda atafahamu kilichonipata. Mjukuu huambiwa waramutse, kwa umoja. Mwaramutse ni ya wengi, au ya mtu wa heshima ambaye si wa kwako. Tangu siku hiyo sikuwa tena bibi yangu. Nilikuwa Mwalimu. Na wengine wote wakiongea naye Kiswahili, mimi peke yangu alinijibu kwa Kinyarwanda, kwa adabu, bila kukosa, kana kwamba analinda masikio yangu yasiudhike. Niliendelea kumtembelea kila Ijumaa. Nilimletea sukari na dawa za macho. Sikuomba radhi. Nilijiambia kwamba nimesahihisha kosa la sarufi tu, na kwamba mzee atasahau. Miaka saba ilipita hivyo, nami kila siku ya kazi nikisimama mbele ya ubao nikifundisha ngeli ya kwanza na ya pili. Katika miaka hiyo hata jina la mkoa wetu lilibadilika: mwaka 2006 Cyangugu ilifutwa, na wilaya yetu ikaitwa Rusizi, kwa jina la mto ule alioukuvuka akiwa na njaa.

Jumapili tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, ardhi ilitetemeka. Tetemeko hilo liliua watu wengi katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke, baadhi yao wakiwa kanisani. Sisi tulikuwa kwa Babu. Ukuta wa jikoni ulipasuka kutoka juu hadi chini, vyombo vikaanguka, watu wakatoka uani wakipiga kelele. Babu alikuwa na karibu miaka themanini, na macho yake yalikuwa yamekwisha kuwa mabovu. Alisimama katikati ya uani na kuanza kuita majina. Aliyaita kwa utaratibu wa daftari, kuanzia mtoto wa kwanza mpaka mjukuu wa mwisho, aliye Kigali na aliye Bukavu na aliye pale pale, na kila jina alingoja jibu au habari kabla ya kwenda kwa jingine. Alipofika kwangu alisema, "Bibi yangu iko wapi?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, miguu mitupu. Nilishindwa kutoa sauti. Aliuliza tena, akageuka, akaninyooshea mkono mpaka akanigusa bega. "Iko hapa," akajiambia, na akaendelea na jina lililofuata.

Kesho yake nilikuwa Mwalimu tena. Lakini safari hii nilimfuata barazani, nikakaa kwenye kigoda cha wateja, nikamwomba radhi kwa maneno ambayo nilipaswa kuyasema mwaka 2001. Alisikiliza, mguu wake haukuacha kukanyaga. Alipofika mwisho wa mshono alikata uzi kwa meno, akasema kwa Kinyarwanda, "Byararangiye," yaani yamekwisha. Nilitazamia aongeze neno la Kiswahili. Hakuongeza. Nimekwisha kutaja kwamba alikuwa mkaidi.

Mwaka 2015 mwanangu alikuwa anaanza shule. Babu alikuwa haoni tena ila kivuli na mwanga, na cherehani alikuwa amekwisha kumwachia binamu yangu. Aliagiza niletewe habari kwamba mtoto apelekwe kupimwa, kwa kuwa kitukuu hawezi kuvaa kaptula ya dukani. Nilimpeleka. Alimsimamisha ukutani, pale pale tuliposimama sisi sote. Utepe haukuwa na kazi, kwani tarakimu hazikuonekana, kwa hiyo alimpima kwa mikono yake, shibiri na vidole, kuanzia kiunoni kwenda chini, polepole, huku mtoto akicheka kwa kutekenywa. Kila alipomaliza kipimo alikitaja kwa sentimeta bila kusita. Kisha akaniambia nifungue daftari kwa nyuma na kushika kalamu.

Akaanza kunisomea kwa Kiswahili. Haikuwezekana vinginevyo, daftari ile haikujua lugha nyingine. "Kiuno, makumi tano na tano. Urefu, makumi tatu na mbili. Sasa shati. Mukono..." Akanyamaza. Akaelekeza uso upande niliko, akauliza, "Mwalimu, umeandika mukono ao mkono?"

Nikamwambia, "Mukono, Babu."

Alicheka. Alicheka hata akakohoa, na mtoto naye akacheka kwa kumfuata. "Andika ya kwako," akasema, "mutoto atasomea kwako."

Niliacha kama nilivyoandika. Kaptula ilishonwa jioni ile ile na binamu yangu, Babu akiwa ameketi kando yake, akiuliza mara kwa mara upana wa pindo na kulipima kwa vidole vyake mwenyewe kabla halijapigwa pasi. Mwanangu aliivaa miaka mitatu.